Uliza Lishe: Barua za watarajali wa Kusini

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watarajali wa lishe walioko Lindi na Mtwara. Karibu wote wanalia na jambo moja: somo linapigiwa makofi, lakini chungu cha nyumbani kinabaki kilekile. Tumechagua nne.

Nimepangiwa darasa la tatu, dakika 40. Tuliimba makundi ya chakula kwenye bango mpaka wakayajua. Wiki iliyofuata hakuna aliyekumbuka hata moja. (Mtarajali, Newala)

Kwanza litazame hilo bango. Mabango mengi ya zamani yana makundi matano, ilhali mwongozo wa taifa wa mwaka 2023 una sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta; vyakula vya asili ya wanyama; mboga; matunda; na mafuta. Mtoto akiona matano ukutani huku wewe unataja sita, atakuachia wimbo wako.

Kisha liweke pembeni. Pita sokoni ununue kipande cha muhogo, kikombe cha mbaazi, fungu dogo la dagaa, kisamvu, papai, karanga, ufuta, nazi na kichupa cha mafuta. Chora duara sita sakafuni kwa chaki. Gawa watoto vikundi vya sita hadi wanane, kila kikundi kipange vyakula kwenye duara na kieleze kwa nini. Waache wabishane, maana wakibishana ndipo wanaposhika. Watakwama kwenye nazi na karanga: karanga inakaa na mbaazi, tui linakwenda na mafuta. Korosho ikitajwa, inakaa na karanga. Ila usilete yenye ganda waibangue darasani, mafuta ya ganda lile huunguza ngozi. Watoto wa Newala wanalijua hilo kuliko wewe.

Dakika 20 za mchezo zinatosha. Usiulize "Nani amekunywa chai asubuhi?" Wapo waliokuja na njaa, wataona aibu au watakudanganya. Uliza kwao huongezwa nini kwenye ugali msimu huu.

Ukiwa huko wakati wa korosho, weka bibo, tunda la mkorosho, mezani. Lina vitamini C kuzidi chungwa, na vitamini C husaidia mwili kunyonya madini chuma yaliyomo kwenye mbaazi na mboga za majani. Bibo la Kusini huozea chini ya mkorosho au huishia kuwa uraka, pombe ya mabibo. Tungekuwa na dakika 10 tu, tungefundisha hilo na kuyaacha makundi yote sita.

Kina mama kliniki wananisikiliza na kuitikia vizuri. Mwezi ukifuata, uzito wa mtoto kwenye kadi uko palepale. (Mtarajali, Lindi)

Ukiuliza "Mmeelewa?" utaitikiwa tu, kwa adabu. Uliza: "Mama, jioni hii utaanza na nini, na unga utapima kiasi gani?" Hapo utagundua alichobaki nacho ni "mpe uji", na uji wenyewe ni maji meupe.

Pika mbele yao. Tumia kikombe cha mililita 250: unga wa mahindi kikombe 1, maji vikombe 4, karanga zilizokaangwa na kusagwa laini vijiko 4 vya chakula. Vuruga unga kwenye kikombe 1 cha maji baridi, vikombe 3 vichemke jikoni. Mimina huku ukikoroga, punguza moto, acha uive dakika 15 hadi 20. Karanga ziingie dakika 5 za mwisho. Zikitangulia, uji hushika chini. Sasa chota kijiko ukiinamishe. Uji unaomwagika kama chai haufai. Unaofaa hung'ang'ania kijiko, kisha huanguka taratibu. Mpe kila mama kijiko ajaribu mwenyewe.

Wengi wanaufanya mwepesi kwa kuogopa mtoto atapaliwa. Waeleze kwamba tumbo lake ni dogo, likijaa maji halina pa kuweka chakula. Akitimiza miezi 6 anaanza na vijiko 2 hadi 3 kila mlo, anaongezewa pole pole. Wa miezi 9 hadi 11 anahitaji nusu kikombe, mara 3 hadi 4 kwa siku, na ziwa la mama linaendelea.

Utaletewa pia unga wa lishe wenye nafaka kumi. Ukatae kwa upole. Mahindi, mtama, uwele na ulezi vyote ni kundi moja, kwa hiyo mama analipia wingi wa majina. Soya isiyoiva vizuri humsumbua mtoto tumbo, na karanga zikisagwa humo mapema unga huchacha upesi. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupwe: sumukuvu haitoki kwa kupika.

Halafu mwalike bibi. Oktoba hadi Desemba mama yuko kwenye mikorosho, na anayeshika kijiko mara nyingi ni bibi mzaa mama. Bila yeye unamfundisha mtu ambaye mchana hayupo nyumbani.

Wazee wananiambia muhogo mchungu wameula tangu utoto na hawajafa. Nawajibuje bila kuwavunjia heshima? (Mtarajali, Mtwara Vijijini)

Wanasema kweli, kwa muhogo ulioandaliwa ipasavyo. Amkia kwanza, kisha waulize wao: mwaka wa ukame, makopa yalikaa siku ngapi kabla ya kutwangwa? Watakusimulia wenyewe jinsi njaa inavyofupisha kazi. Konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na hauponi, ulizuka mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika mazingira kama hayo. Ukame huzidisha sayanaidi, sumu ya muhogo mchungu, kwenye mizizi, maandalizi yanaharakishwa, na mlo usio na samaki wala kunde unaunyima mwili protini ya kuiondoa sumu hiyo.

Wafundishe kulowanisha unga. Mimina unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ya kimo chake upande wa ndani. Tia maji kidogo kidogo ukichanganya: unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukigusa alama, acha. Tandaza kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita 1, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka kama gesi. Unga huo usongwe siku hiyohiyo. Wanaokosea hurundika unga mnene, au huufunika kwa nailoni wakikwepa vumbi, gesi ikabaki humo humo.

Mwombe bibi mmoja afanye, wewe shika saa.

Kikundi cha wenye kisukari kinauliza kama waache ugali. (Mtarajali, Kilwa)

Wasiache, wapunguze. Kila mmoja apakue kwanza kama apakuavyo kwake, ndipo mpange upya: nusu ya sahani mboga, robo samaki au kunde, robo ugali. Wanaokula sinia moja na familia hawana sahani ya kugawa, kwa hiyo wao wapakuliwe pembeni kabla mikono haijaingia. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze ugali ghafla kabla dozi haijaangaliwa, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Na anayetaka kufunga Ramadhani afike kliniki wiki 6 hadi 8 kabla, siyo siku ya mwandamo.