Tazama habari ambayo gazeti limeiacha

Watu wengi husaka upendeleo wa vyombo vya habari kwenye maneno: mwandishi amemwita rais shupavu, au amemwita mkaidi? Nimefuatilia habari za marais wa Marekani kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni kutazama kwingine. Neno kali hujianika lenyewe. Habari iliyoachwa haina wa kuipinga, maana msomaji hajui kama ilikuwapo.

Franklin Roosevelt aliugua polio mwaka 1921, akaingia Ikulu 1933 na kubaki madarakani hadi alipofariki 1945. Wananchi walijua aliugua, lakini picha zake akiwa kwenye kiti cha magurudumu zilikuwa nadra mno magazetini. Hakuna mhariri aliyelazimika kuandika uongo.

Au chukua kashfa ya Watergate, iliyomwangusha Rais Richard Nixon wa chama cha Republican. Juni 17, 1972 watu watano walikamatwa wakiwa wamevunja na kuingia makao makuu ya chama pinzani cha Democratic, katika jengo la Watergate. The Washington Post liliing'ang'ania habari hiyo huku magazeti mengi yakiipa nafasi ndogo, na Novemba Nixon akachaguliwa tena kwa kushinda majimbo 49 kati ya 50. Kashfa hiyo ilimfanya ajiuzulu Agosti 1974. Tukio lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Waliokuwa wachache ni wahariri walioona kwamba linastahili ukurasa wa mbele wiki baada ya wiki.

Kwa hiyo, ninaposoma tuhuma dhidi ya rais, hubadilisha jina kichwani. Kama angekuwa mpinzani wake, gazeti hili lingeipa habari hii ukubwa huu? Nami ningeiona kubwa? Swali la pili ndilo linaloniuma zaidi, na sitaki kulikwepa.

Takwimu za ajira nazo ni kipimo kizuri. Serikali ya Marekani huzitoa kila mwezi, na taarifa ileile humpa mhariri mmoja ajira mpya za kutangaza, mwingine akaona ukosefu wa ajira uliopanda. Wote wawili wamesema kweli. Isome taarifa yenyewe, kisha angalia nani alichagua nini. Hotuba vilevile: isikilize yote kabla ya kuona ni sentensi ipi iliyokatwa ikarushwa.

Lakini usihukumu kwa siku moja. Rais husafiri, husaini, huhutubia na kuteua watu ndani ya saa chache, na taarifa ya habari haiwezi kubeba yote. Tena kashfa huvuta wasomaji bila kujali chama. Upendeleo huonekana pale uchaguzi unapoelemea upande uleule mwezi baada ya mwezi.

Jambo linalonikera kuliko yote ni tuhuma inayopigiwa tarumbeta ukurasa wa kwanza, halafu mwisho wake ukafichwa ndani au usitajwe kabisa. Siku hizi naandika tuhuma kubwa pamoja na tarehe yake na chombo kilichoitoa. Miezi ikipita narudi kuangalia kama chombo hichohicho kimesema iliishia wapi. Kikiwa kimenyamaza, naitafuta hukumu au ripoti ya uchunguzi na kuisoma mwenyewe.