Vyumba vinne vya kupangisha: hiyo 5,760,000 hutaiona

Mkuu hesabu yako nimeisoma, chumba na sebule nne huko Chamazi, laki na ishirini kila moja, mara miezi 12 unapata 5,760,000, so 25m ya ujenzi inarudi ndani ya miaka minne na kitu. Mi ninazo nne hivyo hivyo Kivule, bei ileile, na hiyo 5,760,000 sijawahi kuishika hata mwaka mmoja.

Chukua mwaka jana. Mpangaji mmoja kahama, chumba kikakaa miezi miwili bila mtu, 240,000 imeenda. Mwingine namdai miezi miwili, kila nikipiga "baba mwenye nyumba nivumilie mwisho wa mwezi", siku naenda nakuta kahama usiku, ufunguo kamwachia jirani. 240,000 nyingine, na hapo hujamwita fundi.

Sasa masika. Saa kumi na moja alfajiri simu inaita, mama wa chumba cha tatu anasema maji yanarudi bafuni, kwenda kucheki kweli yanapanda kwenye tundu na povu la sabuni la jana. Shimo limejaa. Gari la majitaka likashindwa kuingia kichochoroni ikabidi waunge mipira kupitia uwanja wa jirani (naye akataka ya soda), tripu mbili 180,000, vuli tukarudia tena, ishakuwa 360,000. Pampu ya kisima ikaungua, 320,000. Rangi na dari kwa yule aliyetoroka 210,000. Koki, vitasa, sinki, vile vidogo vidogo ambavyo watu hawaandiki, 150,000, mi nna daftari ndo maana najua. Kodi ya jengo 18,000 tu kwa mwaka, inakatwa kwenye LUKU kila mwezi, ila anayenunua umeme ni mpangaji so mrudishie, usigombane na mtu kwa buku jero.

Toa zote, zimebaki 4,222,000. 25m yako inarudi karibu miaka sita, na hapo nimekubali kwamba ujenzi hautazidi 25m, ambayo utazidi.

Ila kilichonitesha zaidi sio kiasi, ni muda. Kodi inakuja kwa mkupuo, 720,000 ya miezi sita, unalipa ada unanunua bati za kijijini, imeisha, halafu shimo linajaa mwezi wa nne na hakuna anayelipa mpaka wa saba. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nakopa kikoba kumnyonyea choo mtu aliyeshanilipa kodi yake yote! Siku hizi kila 720,000 ikiingia nachomoa kwanza 120,000, inaenda kwenye laini ya simu ambayo PIN anayo mke wangu. Kwa mwaka ni 960,000, mwaka jana ilipungua 98,000 tu nikamalizia mfukoni.

Na kama hujachimba shimo bado, chimba mawili.