Mpishi wangu aliondoka na sombe yake

Mpishi wa mgahawa wangu aliacha kazi bila kugomba. Alifungua kitambaa kiunoni, akafuta mikono, akasema, "Mama, mimi naenda." Nilikuwa na deni lake la wiki tatu, na kila Jumamosi nilimwambia avumilie kidogo.

Kesho yake mchana, dereva mmoja wa malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mtu wa kula kwangu kila akipita hapa Lubumbashi, Kongo, alionja sombe (kisamvu), akauliza, "Mama, leo nani amepika?" Majani yalikuwa ya muuzaji yuleyule, mbabula (jiko la makaa) ileile, mawese yaleyale. Nilikuwa nimepika mimi, mwenye mgahawa.

Kama unataka kufungua mgahawa, anza na hilo: mapishi yaliyo kichwani mwa mtu mmoja si yako, na mtu huyo anakaa ukimlipa.

Nilimfuata kwake Katuba na hela zake zote mkononi, ndipo nikaomba msamaha. Kwa mpangilio huo. Tukakubaliana siku mbili za kupika pamoja, zikilipwa kama za kazi, mimi na daftari, yeye na mwiko. Yeye hupima kwa jicho, basi kila alipotaka kumimina nilikinga kikombe kwanza: mawese vikombe viwili kwa sufuria kubwa. Bitoyo, samaki wa chumvi, zinalowekwa, maji yanamwagwa mara mbili, na chumvi haiguswi mpaka samaki ameingia. Lakini siri ilikuwa kwenye kuchemsha. Aliinama juu ya mvuke, akanusa, akatikisa kichwa. Dakika ishirini baadaye akanusa tena. Harufu ya majani mabichi ilipokwisha kabisa ndipo mawese yakaingia. Mimi nilikuwa nayatia mapema, kwa kuogopa makala, yaani makaa, kwisha.

Bukari, yaani ugali, nayo tuliihesabu. Mfuko wa kilo 25 ulitupa mabonge 88, na kutoka hapo nikajua kila sahani inanigharimu nini kabla ya kuandika bei ubaoni. Zambia ikizuia mahindi yake yasiuzwe nje, unga hapa unapanda ndani ya siku chache. Wengi hupunguza bonge kimyakimya. Usifanye hivyo. Mteja wa Lubumbashi ataguna ukipandisha bei, ila bonge dogo hasamehe, na atawaambia wenzake.

Sasa mshahara. Ninalipa kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, kwa sababu nikitoka sokoni hela imekwisha na maneno yamebaki. Kima cha chini cha serikali kilikuwa franka 7,075 kwa siku tangu 2018. Mwaka 2025 kikapandishwa hadi 14,500. Kwa siku 26 hiyo ilikuwa franka 377,000 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kwa kima cha leo kabla ya kuajiri wasichana watatu wa kuhudumia meza sita. Mimi nilianza na watatu, wawili wakishinda wamekaa. Pia kuna CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: asilimia 5 ya mshahara kwa mfanyakazi, asilimia 13 kwako. Wenye migahawa midogo wengi hujifanya hawaisikii mpaka mkaguzi aingie.

Mkubaliane pia ni hela gani. Franka ilipopata nguvu mwaka 2025, walioahidiwa dola walibadilisha wakapata franka chache kuliko walivyozoea, na lawama zikawa kwa tajiri. Kwangu wateja wanalipa franka, nami nalipa franka.

Sahani ikivunjika sikati mshahara. Nilikata mara moja. Vipande vikaanza kufichwa chini ya gunia la makala, na msichana mmoja akajikata navyo.

Na chakula kipya kina malipo yake. Mpishi wangu, aliyekwisha kurudi kazini, alipoleta matembele ya karanga, tulijaribu mara nne, mara ya pili yakaungua, kisha nikamwongezea franka 10,000 kwa wiki kwa muda wote yatakapokuwa ubaoni. Bado yapo, kila Alhamisi, na yule dereva huyapigia simu tangu njiani awekewe.