"Tunaaminiana" na maswali mengine

Nimesajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara). Duka likidaiwa, si kampuni itakayoshtakiwa? (Morogoro)

Kampuni ipi? Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Jina la biashara ni jina tu, mwenye deni ni wewe, pamoja na pikipiki na kiwanja chako. Kampuni ndiyo mtu anayejitegemea mbele ya sheria: deni lake ni lake, si lako. Hata hivyo, benki ikikusainisha dhamana binafsi kwa mkopo wa kampuni, kinga hiyo umeirudisha mwenyewe kwa kalamu.

Mimi na shemeji tunafungua mashine ya kusaga na kukoboa. Natoa milioni 12, yeye milioni 3 na atashinda mashineni. Tunaaminiana. Mkataba wa nini? (Singida)

"Tunaaminiana" naambiwa kila wiki, aghalabu na watu ambao hawasalimiani tena. Msipoandika lolote, kanuni za ubia zilizomo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, zinawagawia faida sawa kwa sawa, na hasara vilevile. Ndiyo, wewe wa 12 na yeye wa 3. Akikopa mota kwa ajili ya biashara, mwenye duka anaweza kukudai wewe deni zima.

Niliwahi kuletewa kaunta buku na ndugu wawili. Ukurasa wa kwanza: "tutagawana vizuri", sahihi mbili, na duara la kikombe cha chai. Vizuri ni shilingi ngapi? Risiti ya mashine ilikuwa na jina la mke wa mmoja wao. Kwa hiyo andikeni: nani kaleta nini, anayeshinda mashineni analipwa kabla ya mgawo au la, laini ya lipa namba imesajiliwa kwa nani, na mmoja akifa au akitaka kutoka, fungu lake linapigiwaje hesabu. Nawe mwenye milioni 12, usiseme shemeji "amekaa tu". Unga wa pumba anaumeza yeye.

Steshenari wamenitoza kupata TIN. Ni halali?

TIN, namba ya mlipakodi, ni bure. Umelipia vidole vyao.

Mkataba wa fremu umeshuhudiwa na mjumbe. Unatosha? (Mbagala)

Mjumbe hana stempu. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu (kodi ya serikali juu ya hati) haupokelewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka ulipe ushuru na adhabu yake. Hukuuliza, lakini nakuambia: mpangaji wa biashara hukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kama kodi ya zuio. Mwenye nyumba atanuna. Usipokata, watakaokujia ni TRA, naye atakuwa ameshakula hela yake.

Jina langu limesajiliwa, mbona jirani ameiga nembo yangu?

Kwa sababu ulisajili jina, hukusajili alama. Alama ya biashara ina maombi yake BRELA: miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kila miaka 10. Ikiwa bidhaa zako zinavuka kwenda Unguja, ombi jingine linapelekwa BPRA, wasajili wa Zanzibar, maana usajili wa bara haufiki huko.