Sabuni ya karafuu na kilomita 21

SWALI: Shangazi, shikamoo. Sikukuu hii nakuja Unguja mapumzikoni na nimejiandikisha mbio za nusu marathoni. Nasikia sabuni zenu zanukia mno! Ninunue ipi, na niiogee siku ya mbio? – Mama Nadia, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Fika kijiji cha Paje, utafute za mwani wanazopika akina mama. Za langilangi ni tamu, lakini mimi, kwa ubinafsi wangu, ya karafuu siiachi: iwe kwenye beseni la kunawia wageni siku ya Idi, mtu anawe kabla ya pilau na anuse vidole baada yake. Hiyo ni ya mikono. Usiiogee ukitoka mbioni! Mafuta ya karafuu yana eugenoli, ile kemikali yenye harufu kali, na ngozi iliyochubuka mapajani itakuwasha upige kelele. Ogea sabuni isiyo na manukato.

Kabla ya kukimbia jipake mafuta ya mgando kwapani na mapajani. Mazoezi yafanye baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, mchanga umeshikana. Jua likipanda, rudi. Mumeo abebe maji. Si yuko likizo naye?