Barua kwa Mwanangu Aliyeumia Goti Kwenye Ski

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu na pole nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako, nakujibu barua yako ambayo umeniuliza mambo mawili: kama ufanyiwe upasuaji upesi iwezekanavyo, kwa kuwa kipimo cha MRI kimeonyesha kwamba ligamenti ya mbele ya goti, yaani utepe mgumu unaounganisha mfupa na mfupa, imechanika yote, na kama utaweza kurudi kwenye ski, yaani kuteleza kwenye theluji, mwanzoni mwa msimu ujao. Umeniuliza kama mama yako, na pia kama mtu ambaye kazi yake ya fiziotherapia imemkutanisha na magoti mengi yaliyoumia kwenye theluji. Jibu langu kwa maswali yote mawili linatoka mahali pamoja, nalo ni kwamba maamuzi haya yafuate hali ya goti, na kalenda ije nyuma yake.

Ligamenti iliyochanika hutoka kwenye mfupa wa paja na kushuka mshazari ndani ya goti hadi kwenye mfupa wa muundi. Kazi yake ni kuuzuia muundi usisogee mbele kupita kiasi, na kulituliza goti mwili unapogeuka juu ya mguu uliokanyaga. Ndiyo maana uvimbe ukipungua utaweza kutembea ukinyoosha mbele bila shida kubwa, lakini ukigeuka ghafla utahisi goti likilegea kama lisilo lako. Nakuomba uiogope hali hiyo ya kulegea kuliko unavyoyaogopa maumivu, kwa sababu kila goti linapolegea linaweza kuumiza meniskasi, zile pedi zinazokaa kati ya mifupa ya goti, na gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, ambazo kwa mujibu wa majibu uliyonitumia bado ni nzima. Kama meniskasi ingekuwa imechanika na kulifunga goti lisinyooke, ningekuambia uwahi kwa daktari wa upasuaji wiki hii hii. Kwa kuwa sivyo, unao muda wa kufikiri na kujiandaa.

Mwaka 2010 watafiti nchini Sweden walichapisha matokeo ya utafiti wa vijana 121 wapenda michezo waliochanika ligamenti hii. Baadhi yao walifanyiwa upasuaji mapema, na wengine walianza na mazoezi ya tiba huku mlango wa upasuaji ukibaki wazi kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka 2 makundi hayo hayakutofautiana kwa namna wagonjwa wenyewe walivyoyaeleza magoti yao, na baada ya miaka 5 takriban nusu ya kundi la pili ndio waliokuwa wamefanyiwa upasuaji. Sikutajii utafiti huo ili kukukataza. Kwa mtu anayetaka kurudi kwenye mteremko, ambako goti hubeba mzigo na kugeuka kwa wakati mmoja, mimi naelekea upande wa upasuaji. Ninachokisisitiza ni kwamba apasuliwe mtu ambaye goti lake limetulia, kwa maana ya goti lisilo na uvimbe mkubwa, linalonyooka sawasawa na mwenzake, na linalomruhusu kutembea bila kuchechemea. Goti linalopasuliwa likiwa limevimba na kukakamaa lina hatari kubwa zaidi ya kujaa makovu ndani na kubaki gumu, na kulinyoosha baadaye ni kazi ndefu yenye maumivu mengi.

Kwa hiyo kazi yako ya wiki hizi ni kulinyoosha goti na kuuamsha msuli wa mbele wa paja. Umeniandikia kwamba ukijaribu kuukaza msuli huo hausikii, na hilo limekutisha. Usiogope, kwa sababu maji na damu vilivyojaa ndani ya goti huufanya mfumo wa fahamu uuzime msuli huo, na hali hiyo huwapata karibu wote wenye jeraha kama lako. Keti au lala chali, weka kisigino juu ya taulo iliyokunjwa ili nyuma ya goti kuwe wazi, uliache goti lishuke lenyewe, kisha ukaze paja kana kwamba unataka kuligandamiza goti sakafuni. Rudia mara nyingi kwa siku, dakika chache kila mara. Usiku usiweke mto chini ya goti, hata kama unapata nafuu ukifanya hivyo, kwa kuwa goti linalolala limekunjwa huzoea kukunjwa. Kwenye ngazi, ukipanda tanguliza mguu mzima, na ukishuka tanguliza magongo pamoja na mguu ulioumia. Hutahitaji ushauri mwingi zaidi ya huo mpaka uvimbe uishe, ila baiskeli ya mazoezi isiyo na uzito mkubwa utaipenda mara goti litakapokubali kuzungusha kanyagio.

Daktari atakueleza kwamba ligamenti iliyochanika hubadilishwa kwa kipande cha kano kinachotolewa mahali pengine, aghalabu kwenye kano iliyo chini ya kifupa cha goti, kwenye kano za nyuma ya paja, au kwenye kano ya msuli wa mbele wa paja. Kila chaguo lina gharama yake. Kano ya chini ya kifupa cha goti huweza kukuachia maumivu unapopiga magoti, na kano za nyuma ya paja huweza kuudhoofisha msuli ambao mtelezaji anauhitaji sana, kwa kuwa ndio unaousaidia muundi usisogee mbele. Mwulize daktari ni ipi anayoitumia mara nyingi zaidi na kwa nini anaichagua kwa ajili yako.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawalitegemei ni kwamba kipande hicho hudhoofika kwanza kabla ya kuimarika. Kikishapandikizwa hupoteza sehemu kubwa ya chembehai zake, kisha mwili hukipelekea mishipa mipya ya damu na kuanza kukijenga upya polepole, kazi inayoendelea kwa miezi mingi. Katika miezi ya mwanzo, wakati maumivu yamekwisha na mgonjwa anajihisi amepona, ndipo kipande kinapokuwa dhaifu. Mwanangu, hapo ndipo nitakapokuwa na wasiwasi nawe zaidi kuliko leo, maana nakujua. Watafiti wa Norway na Marekani walichapisha mwaka 2016 kwamba kwa watu wanaorudi kwenye michezo ya kugeuka na kukata kona, kila mwezi mmoja wa kusubiri, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza kiwango cha kuumia tena kwa takriban nusu. Walionyesha pia kwamba nguvu za paja zinazolingana pande zote mbili zilikuwa kinga. Ukihesabu miezi 9 kuanzia siku ya upasuaji, utaona mwenyewe kwamba mwanzo wa msimu ujao uko karibu mno. Ikiwa paja la mguu ulioumia litafikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake, na kuruka kwako kwa mguu mmoja kutalingana kulia na kushoto, huenda ukapata wiki za mwisho za msimu. Vipimo hivyo visipotimia, msimu huo upite.

Umenikumbusha habari za Sofia Goggia, mtelezaji wa Italia aliyeanguka Cortina d'Ampezzo Januari 2022 na siku 23 baadaye akapata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Beijing. Ni kweli, na ujasiri wake naustahi, lakini ligamenti yake ilichanika kwa sehemu tu, yako imechanika yote. Ningependa umfikirie zaidi Lindsey Vonn, mtelezaji wa Marekani. Aliumia vibaya Schladming Februari 2013, akarudi kwenye theluji mwaka huo huo, akaliumiza tena goti lile lile mazoezini mwezi Novemba, na akaikosa michezo ya Olimpiki ya Sochi ya 2014. Aliporudi baada ya tiba ya pili, alishinda Lake Louise Desemba 2014, na Januari 2015 akafikisha ushindi wa 63 wa Kombe la Dunia, akiipita rekodi ya wanawake ya Annemarie Moser-Pröll wa Austria iliyokuwa imedumu kwa miongo kadhaa.

Umeandika pia kwamba ulilia ulipowaona wenzako wakipanda mlimani, na kwamba ulijihisi mtoto mdogo. Kulia huko nakuelewa, na wala sitakuambia ujikaze. Kitu unachokipenda kimeondolewa kwako kwa karibu mwaka mzima, na huzuni ni haki yake. Wasiwasi utakaokuja baadaye ni wa namna nyingine: utasimama juu ya mteremko na mwili utakataa, hata kama vipimo vyote umevipita. Hofu hiyo haiondolewi kwa maneno, inapungua kwa kufanya jambo dogo salama na kulirudia, kisha kuongeza kidogo. Mweleze mtaalamu wako wa fiziotherapia waziwazi, kwa kuwa nayo hupimwa na kufanyiwa kazi kama msuli.

Siku utakaporudi, anza na mteremko mpana uliolainishwa na mashine, na uache kabla miguu haijachoka. Vifungo vya ski virekebishwe na fundi kwa uzito wako wa wakati huo, na umweleze kwa ukweli unateleza kwa namna gani. Hata hivyo usivitegemee kupita uwezo wake, maana vilibuniwa hasa kuukinga mfupa wa muundi usivunjike, na ligamenti huweza kuchanika huku ski ikiwa bado imefungwa mguuni. Uliniambia kwamba uliinamia nyuma, nyonga zikashuka chini ya magoti, na mkia wa ski ya upande wa bondeni ukaukamata mguu na kuuzungusha ndani. Hiyo ni njia inayojulikana sana ya kuchanika ligamenti hii, na inaweza kufundishwa namna ya kuiepuka. Utafiti uliofanywa na wataalamu wa Vermont, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba wafanyakazi wa vituo vya ski waliofundishwa kuitambua hatari hiyo walipunguza majeraha makubwa ya goti kwa asilimia 62. Ukihisi umeelemea nyuma, peleka mikono mbele, kusanya miguu pamoja, na mikono iwe juu ya ski. Ukiwa tayari unaanguka, kubali kuanguka: acha magoti yabaki yamekunjwa kidogo, na usijaribu kuinuka kabla hujaacha kuteleza kabisa. Haya unaweza kuyafanyia mazoezi ya akili tangu sasa ukiwa kitandani.

Kabla ya miadi yako ya wiki ijayo, pima kama visigino vyote viwili vinainuka sawa juu ya kitanda unapokaza mapaja huku umelala chali, kisha uniandikie ulichokiona na jibu la daktari kuhusu kano atakayoitumia. Baba yako anakusalimu.

Wako akupendaye,
Mama