Sanduku la vichezeo vya zamani: kipi apewe mtoto, kipi kibaki kabatini

SWALI: Habari za kazi. Mama amenitumia kutoka kijijini sanduku la vitu tulivyochezea mimi na kaka zangu miaka ya 1980: lori la mbao la rangi nyekundu na njano, magari mawili ya waya, mwanasesere wa kitambaa mwenye macho ya vifungo, mdoli wa plastiki laini na matofali ya plastiki ya kuunganisha. Wanangu wana miaka 5 na miezi 14. Je, nikiviosha vizuri inatosha?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Kwa baadhi inatosha, kwa lori haitoshi. Rangi za mafuta za zamani, hasa nyekundu, njano na chungwa, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zikolee na zikauke upesi. Mtoto hatafuni lori zima. Inatosha ashike mahali rangi inapopukutika kisha atie vidole mdomoni. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, nayo huharibu ubongo ungali unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Tunakuomba sana, usilipige msasa. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema ili walipake upya, kumbe wanaigeuza rangi kuwa vumbi linalotua sakafuni, pale pale mtoto anapotambaa. Kupaka rangi mpya juu ya ile ya zamani nako hakusaidii, kwa kuwa meno na migongano huichubua hadi ya chini ikajitokeza. Lifute kwa kitambaa kibichi, tupa kitambaa, nawa mikono kwa sabuni, kisha liweke juu ambako hawafiki. Kama roho yako iko kwenye lori hilo, mpe seremala achukue vipimo vyake atengeneze jingine la mbao tupu, lililolainishwa kwa msasa namba 120 kisha 220, bila rangi. Hilo watoto wataligonga na kuling'ata wapendavyo.

Magari ya waya mpe mkubwa tu. Sugua kutu nje ya nyumba kwa brashi, osha, kausha juani. Kila ncha ya waya ikunje kwa plaizi mpaka irudi kuwa kitanzi, kisha izungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli na kuukaza. Magurudumu ya vizibo yavute moja moja: kizibo kinachochomoka ni kitu cha kumkaba mdogo koo.

Mwanasesere anaokoleka kabisa. Ng'oa vifungo vyote, hata vinavyoonekana imara, maana uzi wa miaka 40 huoza ndani bila dalili. Macho yatarizi kwa uzi. Fumua mshono wa mgongoni utazame alivyojazwa. Sponji iliyogeuka unga au pamba yenye ukungu tupa yote, fua kitambaa, kikauke kabisa, jaza sufi mpya na ushone mara mbili kwa mishono ya karibu karibu. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, hata mwanasesere usiyemfumua mtie kwenye mfuko, mlaze ndani ya friza saa 24 ili wadudu wa vumbi wafe, ndipo umfue uondoe mabaki yao.

Mdoli mshike mkononi. Akinata, ni kilainishi cha plastiki kinachotoka jasho. Utaosha leo, kesho atanata tena. Huyo mtupe.

Matofali yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, lakini yawe ya mkubwa. Mwaka 2018 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alipima vichezeo vya plastiki vilivyotumika vipatavyo 200, akakuta madini hatari katika vingi, hasa vya njano, vyekundu na vyeusi. Anayetia kila kitu mdomoni asiviguse. Na kitu chochote kinachopita ndani ya kigunzi cha karatasi ya chooni kisimfikie mtoto wa chini ya miaka 3.

SWALI: Kinanda changu cha utotoni kimekaa na betri miaka mingi, kuna unga mweupe. Kinafaa?
Baba, Mombasa

JIBU: Ukivaa glavu, ndiyo. Toa betri, dondoshea siki kwenye pamba ufute unga, pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha kikauke siku nzima. Springi iliyoliwa haitapitisha umeme. Fundi redio ataibadilisha. Kifuniko cha betri kisichofungwa kwa skrubu kitiwe skrubu.

Ukikuta ndani betri za kitufe, zile bapa kama sarafu, hapo usibahatishe. Ikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa 2, hata iliyoisha nguvu. Aliyemeza akimbizwe hospitali, asitapishwe. Akiwa amepita mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe njiani vijiko 2 vya chai vya asali kila dakika 10, visizidi vipimo 6; asali isiwacheleweshe kuondoka. Chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Betri zilizokwisha zifunge pande zote mbili kwa utepe wa gundi kabla ya kuzitupa.